Glenys Ashika Usukani

Glenys Pascoe alikuwa na miaka sitini na tatu, na siku tano za wiki alikuwa mpishi katika nyumba ya kulelea wazee mjini Horsham. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa keshafunga aproni. Wazee sitini na wanane, kila mmoja na lake: huyu hali chumvi, yule lazima nyama yake isagwe, mwingine anataka uji wa baridi, na ukimpelekea wa baridi anauliza nani kaupoza. Ikifika Ijumaa jioni miguu imemvimba hata viatu ni vya kuvutwa kwa mikono miwili. Na Jumamosi asubuhi, akiingia jikoni kwake akiwa bado na alama za mto shavuni, anamkuta mumewe Neville amekaa mezani, kofia kichwani, darubini shingoni, anamsubiri.

Jumamosi hizo zilianza zamani. Neville alikuwa dereva wa basi la shule kwa miaka ishirini na minane, akizoa watoto wa mashambani asubuhi na kuwarudisha alasiri, na mwisho wa wiki alichotamani ni kuendesha gari lisilokuwa na mtoto hata mmoja ndani. Basi watoto wao wawili walipohamia Melbourne, yeye na Glenys wakawa hawakai nyumbani Jumamosi. Leo wako kwenye milima ya Grampians, wiki ijayo kwenye maziwa makavu ya magharibi, wiki nyingine wanafuata barabara ya vumbi kwa sababu tu hawajawahi kuona inakoishia. Walibeba chupa ya chai, mikate ya mayai, keki ya zabibu na viti viwili vya kukunja. Majirani waliwaita watu wa porini, nao hawakukataa jina.

Lakini Glenys alikuwa na siri ndogo. Alichokipenda yeye hakikuwa ndege wala maua. Alipenda kiti cha abiria. Gari likishapita nyumba za mwisho za mji, na Neville akishaanza kueleza habari za udongo na mvua, Glenys alikuwa anaegemeza kichwa dirishani na kulala. Ulikuwa usingizi mzito na mtamu kuliko wowote alioupata kitandani, kwa kuwa humo ndani ya gari hakuna aliyeweza kumwagiza kitu. Aliamshwa kwa upole: "Glen, tumefika." Akanywa chai, akatazama alichoonyeshwa, akasema, "Mzuri kweli." Wakarudi, naye akalala tena.

Kisha macho ya Neville yakaharibika. Doa liliota katikati, dogo kama punje, likapanuka. Daktari wa macho akamwambia kwamba pembeni ataendelea kuona, katikati hapana, na dawa ya kuliondoa doa hilo hakuna. Akimtazama mtu aliona masikio na kola ya shati, uso haupo. Leseni ya udereva aliirudisha mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya karani kwa mkono wake. Aliyeendesha njia nzima ya kurudi ni Glenys.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu hapo, na Jumamosi ilikuwa imegeuka siku ya sita ya kazi. Mara moja tu alijaribu kujitoa. "Nev, wiki hii tupumzike?" Neville akasema, "Sawa mpenzi, hakuna neno," akavua darubini, akaitundika, akaenda kukaa barazani uso ukiwa umeelekea uzio wa jirani mpaka saa ya chakula cha jioni. Glenys hakujaribu tena. Jumatatu mpaka Ijumaa mwanamume yule alikaa peke yake na redio. Alikuwa hana kingine.

Jumamosi moja ya Septemba, Neville alitaka waende kaskazini mwa Nhill, kwenye vichaka vya mikaratusi mifupi, kumtazama ndege mmoja anayemjua. Ni ndege mkubwa kama jogoo mnene, ambaye dume lake hukusanya majani na mchanga likafanya kilima kirefu hadi kiunoni mwa mtu, mayai yakafukiwa humo yaanguliwe kwa joto la majani yanayooza. Majira hayo dume huwa halikai; mara linachimbua, mara linafukia, mdomo mchangani kupima joto.

"Upande wangu sasa kuna silo mbili za nafaka," alisema Neville, gari likiwa mwendoni.

"Zipo."

"Na mashamba ya kanola yamechanua?"

"Yamechanua."

"Ya njano namna gani?"

"Njano, Nev. Njano ya njano."

Neville akacheka. "Ungekuwa mshairi tungekufa njaa."

Glenys alitabasamu, lakini macho yalikuwa yanamwasha kama aliyemenya vitunguu. Wiki hiyo wapishi wawili walikuwa wagonjwa, naye alikuwa amefanya kazi ya watu watatu.

Walipofika mwisho wa barabara ya mchanga akafungua viti, akammiminia mumewe chai. Njia ya miguu kutoka hapo hadi kwenye kilima ilijaa vishina, na Neville mwaka uliopita alikuwa ameanguka palepale na kuchubuka magoti.

"Nenda wewe uniangalizie," alisema. "Nenda taratibu, usikanyage vijiti. Ukimkuta, tazama kila kitu uje unieleze."

Glenys akashika njia. Kwenye kona ya pili, alipojua kwamba haonekani wala hasikiki, akaona gogo. Alikaa apumzishe kisigino. Mchanga ulikuwa wa moto, upepo hakuna, nzi wawili wakimzunguka usoni naye hana nguvu ya kuwafukuza. Alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua alitazama njia iliyobaki, akaitazama tena, kisha akasimama na kurudi alikotoka.

"Alikuwepo?" Neville aliuliza kabla hajafika.

"Alikuwepo."

"Wewe! Anafanya nini?"

"Anachimba. Anarusha mchanga nyuma."

"Kwa mguu upi?"

Glenys alimtazama. Uso wa mumewe ulikuwa umeinuliwa kuelekea sauti yake, pembeni kidogo, kama anavyofanya siku hizi ili amwone kwa ukingo wa jicho.

"Wa kulia," alisema. "Mara tatu wa kulia, halafu wa kushoto. Halafu akasimama akainamisha shingo, kama anasikiliza."

"Kama anasikiliza," Neville alirudia polepole. Hakuuliza zaidi. Glenys akamenya yai, akampa Neville.

Walianza kurudi saa nane. Barabara ilikuwa imenyooka, ngano mkono huu, kanola mkono ule, mbingu juu yake tupu. Glenys alifungua dirisha. Aliuma ulimi. Alijihesabia nguzo fupi za plastiki za pembeni mwa barabara, akafika kumi na saba. Ya kumi na nane hakuiona, ila aliisikia: ilivunjika chini ya gari kwa mlio mkavu, kisha kokoto zikanguruma, Neville akapiga kelele, "Glen!" na kioo chote mbele kikawa maua ya njano.

Gari lilisimama lenyewe, magurudumu ya mbele yakiwa yamezama kwenye mtaro wa shamba. Kimya. Harufu ya mabua yaliyopondeka.

"Umeumia?" Neville alikuwa anampapasa begani, shingoni, usoni. "Glen, sema kitu. Umeumia?"

"Sijaumia. Nililala."

"Ulilala?"

"Nililala, Nev, ninaendesha gari, nililala!" Ndipo akaanza kulia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa kuchoka, bila sauti, machozi tu yanaanguka juu ya usukani. "Na yule ndege sikumwona. Sikufika. Nilikaa kwenye gogo nikarudi."

Neville akaondoa mkono wake. "Najua."

"Unajua?"

"Kutoka pale hadi kwenye kilima ni dakika ishirini kwa mwenye miguu mizima. Wewe umekwenda na kurudi kwa robo saa, wala hukuwa unahema."

"Sasa mbona umeniuliza mguu upi?"

"Nilitaka nione utafika wapi." Sauti yake ikabadilika. "Nimekasirika, Glen, nisikufiche. Macho yako ndiyo niliyobaki nayo. Ukianza kunitungia, mimi nitajuaje kipi ni kipi? Hizo silo mbili zilikuwepo, au nazo uliziweka?"

"Silo zilikuwepo!"

"Haya."

"Na wewe usinipigie kelele. Wiki nzima nimesimama. Nasimama kwa ajili ya watu sitini na wanane, Jumamosi naendesha kwa ajili yako. Zamani ndiyo ilikuwa siku yangu ya kulala, hiyo."

"Kulala wapi?"

"Humu humu. Ulipokuwa unaendesha wewe. Nilikuwa nalala kwenda na kurudi."

Neville aligeuka. "Miaka yote hiyo?"

"Karibu yote."

"Nilikueleza jinsi maziwa yale yalivyotokea! Nilikueleza tangu bahari ilipokuwa imefunika bonde zima la Wimmera!"

"Sikusikia hata bahari ilipokauka."

"Mungu wangu," alisema Neville, "nimehubiria kioo miaka ishirini," na Glenys, machozi yangali yanatoka, akacheka mpaka akashika mbavu. Neville hakucheka. Lakini alimtafutia leso.

Aliyewatoa mtaroni ni mwenye shamba, mjane wa makamo anayeitwa Bronwyn Liersch, aliyekuja na pikapu, mnyororo na mbwa. Alilizunguka gari lao mara moja.

"Mnachuma maua au mmepotea?"

"Samahani sana, mama, tumekuharibia shamba," alisema Glenys.

"Shamba litaota. Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi. Nilisinzia."

"Na bwana hapa alikuwa anafanya nini?"

"Mimi kipofu," alisema Neville.

"Basi mmekamilika," Bronwyn alisema, akapiga magoti kufunga mnyororo.

Gari lilitoka na bampa limepinda, si zaidi. Bronwyn akamtazama Glenys machoni akamwambia kwamba harudi barabarani kabla hajalala, na kwamba hilo si ombi. Akampeleka sebuleni kwake, kwenye kochi, akamfunika blanketi la kufuma linalonuka mbwa. Glenys alitaka kusema asante. Hakumbuki kama aliisema. Alipoamka jua lilikuwa limeinamia magharibi, na kutoka jikoni alisikia sauti ya mumewe, nyepesi, ya haraka, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa muda. Walikuwa wanabishana kuhusu mvua ya mwaka gani iliyoangusha daraja. Alilala kimya akiwasikiliza, na aliona uchungu kidogo kwamba mgeni amekaa na Neville saa mbili tu naye amechangamka hivi.

Jumamosi tatu zilizofuata hawakwenda popote. Neville ndiye aliyesema wasiende. Alikaa kitako kumenya viazi, akavimenya vibaya, nusu ya ganda likabaki, akajitolea kufua, akachanganya nguo nyeupe na za rangi. Na Glenys, aliyekuwa ameisubiri asubuhi ya kulala kwa miaka miwili, alijikuta yuko macho saa kumi na nusu kama siku ya kazi, anamsikiliza mumewe akitembea kwa kunyata asimwamshe, akijigonga kwenye kiti, akitukana kwa kunong'ona.

Ijumaa ya nne Bronwyn alipiga simu. Jumamosi asubuhi huwa anakuja mjini kununua chakula cha kondoo, alisema. Anaweza kumchukua Neville, amtembeze anakotaka, jioni kaka yake amrudishe.

"Wewe huoni vibaya?" Neville alimuuliza mkewe.

"Nenda, bwana wee."

Alikwenda. Alirudi soksi zimejaa miiba, akala sahani mbili, akasimulia. Walikuwa wamefika kwenye kilima kile, Bronwyn akimshika mkono, na dume lilikuwepo. Wala halikuwa linachimba. Lilisimama tu, dakika arobaini, halifanyi kitu. Bronwyn, akimweleza anachokiona, hakuongeza hata unyoya. Glenys alikuwa anaosha vyombo huku anasikiliza. Wivu ulimpita, wa kitoto, akauacha upite. Baada yake ulikuja unafuu, na baada ya unafuu ule uchovu wake wa siku zote.

Tangu hapo ikawa hivi: Jumamosi moja ya mwezi ni ya Bronwyn, moja ni ya Glenys, zinazobaki za nyumbani. Ya Glenys haipiti umbali wa robo saa. Mara nyingi humpeleka mumewe kando ya mto Wimmera, chini kidogo ya mji, mahali ambapo hakuna mtu anayekuja kwa makusudi.

"Unaona nini?" Neville alimuuliza, mara ya kwanza walipokaa pale.

Glenys alitazama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, hayaendi mahali.

"Sioni kitu, Nev."

"Hata kidogo?"

"Miti. Mfuko wa plastiki juu ya mti. Na nimechoka."

Neville akatikisa kichwa kukubali. "Basi tukae," alisema, akanyoosha miguu.

Wakakaa mpaka chai ikaisha. Kisha Glenys akakunja viti, akampakia mumewe, akaendesha kurudi nyumbani polepole, madirisha yote manne wazi, asije akasinzia.