Maiti Aliyegoma Getini

Ampofoaa alizaliwa Bantama, Kumasi, mdomo ukiwa tayari wazi. Shuleni alimwambia mwalimu wa hesabu kwamba ubao umekosea. Ubao, si mwalimu. Adabu anayo, ila huitumia kidogokidogo kama pilipili kali. Siku hizi kazi yake ni kuchora: kisanduku kwa kila shughuli, mshale kuonyesha nini kinafuata, umbo la almasi pale mtu anapotakiwa kuamua. Mafundi wa kompyuta huunda mfumo kwa kufuata mchoro huo. Ukichora upumbavu, kompyuta itaufanya upumbavu huo, tena kwa kasi.

Mimi nakaa meza ya pili. Diploma ya fani hiyohiyo niliiachia katikati, kwa hiyo mishale ya kwenda naijua, ya kurudi bado.

Kampuni yetu inahifadhi maiti hadi siku ya mazishi. Bosi wetu, Kwarteng, alitaka maiti atolewe mara mke au mume anapotia sahihi. Kisanduku, mshale, geti, kwaheri. Ampofoaa akaongeza safu kando, ya ukoo wa mama wa marehemu, na humo akaweka almasi: ukoo umekubali, au haukukubali?

"Futa hiyo safu," Kwarteng alisema. "Inachelewesha. Mwenye ndoa ndiye mwenye maiti."

"Wapi huko, bosi? Hapa mwili unarudi kwa ukoo. Hata wewe watakuja kukudai."

"Tia sahihi mchoro wangu leo, au kabidhi funguo."

"Sahihi sitii, funguo sikabidhi. Twende uani tuutembeze mchoro wako kwa miguu. Ukivuka geti, naondoka mwenyewe."

Tukauchora wote kwa chaki sakafuni, kuanzia mlango wa chumba cha baridi mpaka getini. Nikauliza nani atakuwa maiti. Ghafla kila mtu akawa mtaalamu wa mawingu. Kwenye kitanda cha magurudumu cha kubebea maiti, mtu aliye hai hapandi. Ampofoaa akavua viatu, akapanda.

"Tofiakwa! Mungu aepushe!" Dereva wa gari la maiti akaruka nyuma. "Dada, shuka, unajitakia balaa!"

"Nyamaza, nimekufa. Bosi, wewe ndiye mume wangu. Pole kwa msiba."

Kwarteng akatia sahihi hewani, akasukuma. Akavuka kisanduku baada ya kisanduku, akitabasamu kama bwana harusi.

Getini walikaa wanawake waliovaa nyekundu na nyeusi za msiba, wakisubiri maiti ya ndugu yao. Walikuwa wameona mchezo wote, na aliyelia tangu asubuhi hakatai kichekesho. Mama mmoja mnene akaburuta kiti cha plastiki hadi katikati ya njia, akaketi.

"Wewe baba, mtoto wa watu unampeleka wapi?"

"Mimi mumewe. Mfumo umeruhusu."

"Mfumo? Wa ukoo gani huo? Mama yake nani?"

Vicheko vikalipuka.

"Mama, haya ni mazoezi tu..."

"Basi na mimi nafanya mazoezi ya kukuzuia. Mume! Kwani ulimzaa wewe?"

Wenzake wakaleta viti vyao. Kwarteng akasukuma, wao wakarudisha. Ampofoaa akawa anaenda na kurudi kama unga kwenye chekeche, mikono kifuani, uso mkavu. Bosi akamwinamia sikioni.

"Shuka. Umefukuzwa kazi."

Hakufumbua macho. "Maiti hafukuzwi. Waulize ukoo wangu."

"Tumekataa!" akajibu mama wa kiti, wakati hata jina la marehemu hakulijua.

Jua likampiga Kwarteng mpaka shati likamganda mgongoni. Hakuna aliyenyanyua kiti. Mwishowe akanyoosha mkono, nikampa chaki. Akapiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi, akachora almasi mbele ya kiti cha yule mama. Ilitoka kama andazi lililokanyagwa.

Ampofoaa akafumbua jicho moja.

"Na mshale wa kurudi, bosi. Wakikataa je?"

Akauchora.