Pambo la Kamba na Sweta la Baba

Sufu iliyolowa inanuka mbwa aliyenyeshewa. Ndivyo nyumba yetu ya Bariadi ilivyonuka kiangazi kizima cha mwaka ule ambao malori ya wanunuzi binafsi yalianza kuingia mpaka vijijini na mizani yao wenyewe, na kule mnadani yakaanza kufunguliwa marobota ya mitumba. Ndani ya marobota yale kulikuwa na masweta mazito, mekundu, ya njano, ya zambarau, yaliyofumwa kwa ajili ya watu wa nchi za theluji. Yaliyotoboka hakuna aliyeyataka, na wachuuzi walimwachia mama kwa furaha ili waondokane na mzigo. Aliyafumua moja baada ya jingine, akaloweka uzi kwenye beseni la maji ya moto ili mikunjo ipotee, akauanika kwenye mgongo wa kiti, kisha mimi nikauviringa madonge. Nilikuwa na miaka kumi, mtoto pekee niliyebaki nyumbani, na vidole vyangu vilinuka mbwa hata nikiwa shuleni.

Mama alikuwa ameamua kutengeneza pambo la ukutani. Alichukua kamba nene ya katani, akaizungushia nyuzi za rangi mpaka katani yenyewe isionekane, halafu akaikunja duara kuanzia katikati, akishona kila mzunguko kwa ule wa ndani yake. Lilitakiwa lifikie ukubwa wa ungo, liwe na vishada pembeni, likae sebuleni juu ya redio. Kamba alizileta baba. Kila jioni alirudi na nyingine, ngumu, nzuri, imesokotwa sawasawa, na mama alipouliza ameipata wapi alijibu, "Kazini." Mimi niliona ni kazi nzuri sana hiyo inayompa mtu kamba kila siku.

Baba alikuwa mpimaji wa pamba wa ushirika. Alitoka alfajiri kwa baiskeli, na mama alimfungia viporo vya viazi kwenye kopo. Miaka yote niliyomfahamu alivaa sweta la kijani alilopewa huko kazini, na jioni alirudi na nyuzinyuzi za pamba kwenye nyusi na nywele, mama akawa anamchambua huku akimtania kwamba ameoa mzee. Mwaka ule baba aliacha kulivaa sweta. Alisema joto limezidi. Alfajiri za mwezi wa saba Simiyu mtu anatetemeka, lakini mimi nani nimbishie baba? Nilimwona pia akijikuna mikono wakati wa kula, kuanzia viganjani mpaka kwenye viwiko, nikadhani ni mbu.

Siku moja mama alikwenda kisimani akaniacha na pambo. Tulikuwa tumefika mzunguko wa mwisho na nilitaka rangi ya majani. Nikapekua kikapu cha masweta mabovu, na chini kabisa nikalikuta la kijani. Nililitambua, nisidanganye hapa. Kiwiko cha kulia kilikuwa na kiraka cha bluu alichotia mama kwa mkono wake. Nikajiambia limeingia kikapuni kwa bahati mbaya. Nikajiambia pia kwamba baba halivai tena. Tamaa ya kijani ilikuwa kubwa kuliko akili yangu, nikatafuta ncha ya uzi, nikavuta. Sweta likifumuka halina huruma, mstari unafuata mstari, na mama aliporudi na ndoo yake lilikuwa limebaki shati la mkono mmoja. Alilitazama, akanitazama, akaingia jikoni kusonga ugali. Hilo lilinitisha kuliko fimbo.

Baba alifika jua likiwa bado halijazama. Nilipiga magoti kumwamkia. "Mwadila, baba." Alianza kuitikia, kisha akaona kile kiraka cha bluu mapajani mwangu. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukianguka namna ile. Baiskeli ilimponyoka ikalala chini, kopo la viazi likabiringika uani.

"Nani kakupa hili?"

"Nimelichukua mwenyewe, baba." Nilikuwa nalia tayari. "Nisamehe. Nitakufumia jingine zuri la kwendea kazini."

Nilisubiri kofi. Badala yake alikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi.

"Kazi yenyewe haipo, Kabula," alisema. "Walitupunguza mwezi wa tano. Nashinda kwenye uzio wa mkonge kule nyuma ya machungio, nasokota kamba mpaka saa za kurudi zifike."

Miezi miwili! Kila alfajiri baiskeli ile, kila jioni lile jibu la "kwema tu" akiulizwa habari za kazini, na zile kamba zote tulizozivika rangi zilikuwa siku zake, siku moja moja, akiwa peke yake kwenye utomvu unaowasha. Nikageuka kumtazama mama, nikitegemea kusikia yowe la "mayu wane!" na mwiko kuanguka. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema ugali umeiva, tunawe. Baba akavuta ule mkono uliobaki, akatafuta ncha, akaanza kuufumua mwenyewe, nami nikashika donge. Asubuhi hakuondoka. Alikaa uani akisokota kamba, majirani wakipita na kumwona, naye akiwaitikia.

Pambo hilo sasa liko nyumbani kwangu, hapa hapa mjini. Rangi nyekundu imefifia, kijani cha ukingoni bado kinang'aa. Wageni hudhani nimelinunua, maana siku hizi kuta zetu zimejaa maua ya plastiki na saa zenye taa, na sufu hata madukani huioni. Baba alishafariki. Miaka yote hii nimebeba aibu ya kuwa mtoto aliyemvua baba yake siri kwa sababu ya tamaa ya rangi.

Mwezi uliopita mama alikuja kututembelea. Alilitazama pambo kwa muda, akakigusa kijani, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Sweta hili nililitoa mimi sandukuni nikakutilia kikapuni."

Chai ilinimwagikia. Nilimwambia, mama, uliniacha nilie! Uliniacha niombe msamaha!

"Wiki ya kwanza tu niliona nywele zake hazina pamba," alisema. "Na mikono ikawa ya mtu wa mkonge. Ningemuuliza mimi, angenidanganya, halafu angebaki na uongo huo mpaka leo. Wewe ukilia, asingeweza kukudanganya."

Nilimkasirikia mpaka jioni, na bado nusu ya hasira ninayo. Mama hakujua kusoma, na miezi miwili alifunga viazi kwa mtu asiyekwenda popote, akingoja apate mlango wa kusemea. Mimi nina simu mbili na kila mchana namtumia mume wangu ujumbe kumuuliza habari za kazi, naye hujibu "safi." Jioni ile aliporudi akaweka funguo mezani na kusema kwema tu, nilimpokea begi, na kwa mara ya kwanza baada ya sijui miaka mingapi, nikamtazama mikono.