Mahali pa Kumlilia Mwana

Mama yangu alikaa miezi mitatu bila kumlilia mwanawe. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikufa kwa ajali ya pikipiki njia ya Lalago, tukamzika nyumbani Nkololo. Toka siku hiyo mama chakula hagusi, usingizi hana, anashika jembe analiacha. Mimi ninayeishi Bariadi mjini nikawa namfuata kila wiki, nampeleka kwa mshauri nasaha, kisha namrudisha kijijini.

Mshauri alikuwa binti mpole, amehamia kwetu juzijuzi kutoka pwani. Alimwamkia mama shikamoo, akasogeza boksi la tishu, akasema kwa sauti laini, "Mama, hapa uko salama. Lia. Machozi ni dawa."

Mama akatazama dirishani.

Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu yule binti akaniambia, mama akiwa palepale anasikia, kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Kashaandika kwenye faili. Hatoi ushirikiano! Mwanamke aliyezaa watoto saba, akalima pamba mpaka kucha zikakatika, leo anaandikwa mkaidi kwa kuwa hajamwaga machozi mbele ya mtu asiyemjua!

Nilitaka kubwatuka. Lakini nisijitakase, hata mimi nilikuwa nimeshaanza kumlaumu. Njiani nilikuwa namwambia, "Mayu, mama yangu, si ulie tu?" Utadhani kulia ni kupiga chafya.

Siku hiyo ndipo mama alipofungua mdomo. Alisema polepole, akimwangalia yule binti, "Mwanangu, nikilia macho yanakuwa mekundu. Mimi ni bibi sasa, na ni mjane. Kwetu bibi mwenye macho mekundu anaitwaje, unajua?"

Binti hakujua. Mimi nilijua. Nimekulia kule, na bado sikufikiri. Bibi wa jirani yetu walimuua kwa ajili ya macho yake. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi na mabua ya pamba, miaka nenda rudi akiwapikia watu walewale waliokuja kumwita mchawi! Mbona wazee wa kiume wanakunywa pombe, macho yanaiva kama nyanya, na watu wanawapigia magoti?

"Na usipolia?" binti akauliza.

"Wanasema nimemla mwenyewe, ndiyo maana simlilii."

Haya, ona sasa! Ulie, mchawi. Usilie, mchawi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi tumekaa pale na boksi letu la tishu.

Sifa moja nampa yule binti: alilifungua faili akakata ule mstari. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mtoto wa kumzaa, nilipaswa kuliuliza tangu siku ya mazishi. "Mama, ni wapi ungeweza kulia bila mtu wa kijijini kukuona?"

Mama akaninyooshea kidole.

Kijijini tukapiga simu kwamba ana malaria, yuko kwangu anameza dawa. Nikamtandikia chumba cha nyuma. Mama yangu alilia siku nne. Alimwita mwanawe kwa Kisukuma, kwa majina ya utotoni, akajipiga kifua, akasinzia, akaamka, akaendelea. Mimi huku jikoni nasugua sufuria hata zilizokwisha kutakata, nimejaa hasira. Mtu anadanganya ugonjwa ili apate kumlilia mtoto wake! Jamani, hata ng'ombe akifiwa na ndama analia zizini, na hakuna anayemuuliza.

Asubuhi ya tano akaoga, akajifunga kanga za safari, akavaa viatu. Akaniita uani penye jua, akainua uso wake kwangu, macho ameyatoa.

"Niangalie vizuri. Yameshakuwa meupe?"

Nilimwangalia. Niliangalia tena.

"Bado, Mayu."

Akakaa juu ya ndoo, akavua viatu.

"Basi kama bado," akasema, "acha nimlilie na leo."