Matawi ya Krismasi Mlangoni

Wiki ile ya Krismasi sikuweza kukaa kitako hata dakika tano. Nilikuwa nikibandika uji, nikiuacha, nikitoka nje kuangalia njia inayotoka Makina, na nikirudi nakuta umeshika chini. Majirani wa ploti yetu pale Silanga, Kibera, walinicheka waliponiona nikifagia mahali nilipokwisha kufagia. Sababu waliijua. Kuta zetu zilikuwa nyembamba, na mimi sijawahi kujua kunong'ona.

Binti yangu alikuwa anakuja kutoka Kawangware. Alikuwa na miaka tisa, na saba kati ya hiyo alilelewa na dada yangu mkubwa, kwa sababu nilipokuwa nikifanya kazi ya yaya hakuna tajiri aliyetaka yaya mwenye mtoto wake mgongoni. Sasa nilikuwa na chumba changu na meza ya kuuzia makaa, nikamwomba dada anirudishie mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitamleta Krismasi. Lakini usimlazimishe. Wacha achague mwenyewe."

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na hofu tupu. Mtoto alimwita dada yangu Mama. Mimi aliniita Mama wa Kibera, kama mtu anayetaja kituo cha basi.

Basi nikaamua chumba changu kimvutie. Nilijidai kwamba mapambo ya dukani hayana maana, ingawa ukweli ni kwamba hayakuwa ya mfuko wangu. Nikakusanya watoto watano wa ploti tukashuka kando ya bwawa lililo chini ya mtaa wetu. Tulirudi na matete, mbegu za mbarika zenye madoa na maganda ya mahindi tuliyookota kwa wachoma mahindi. Maganda tuliyachana na kuyafunga kuwa maua. Mbegu tulizibandika kwenye vipande vya katoni kwa uji mzito wa ngano.

"Auntie, ona, yangu inakaa rose!"

"Rose gani? Hiyo ni kabeji."

Walicheka, lakini mimi sikuwa mwalimu mzuri. Nilikuwa nikiwapokonya maua mikononi na kuyafunga upya. Mwishowe msichana mmoja, mtoto wa fundi viatu, akaweka lake chini akaniuliza, "Kwani ni zetu ama ni zako?" Niliona aibu. Dakika chache baadaye nilikuwa nikipokonya tena.

Mkesha wa Krismasi mimi na watoto tulimpata mtu akipogoa ua wa nyumba kubwa ng'ambo ya bwawa, akatugawia matawi ya ile miti ya Krismasi, mabichi, yenye harufu kali. Kila mtoto akabeba lake. Tulipofika nusu ya njia nikakumbuka kwamba sina udongo mweupe. Kwetu magharibi, Desemba ikifika wasichana husiriba nyumba upya na kuchora maua ukutani kwa vidole, na nilitaka binti yangu akute ukuta mbichi unaomngoja. Nikawaambia watoto, "Tangulieni. Wekeni mlangoni kwangu. Na mwende polepole, msiyavunje."

Wakafanya vile vile nilivyosema. Walipanga mstari, matawi juu, wakapita kati ya nyumba polepole wakiimba wimbo wa kanisani. Wamezaliwa mjini, wangejuaje? Lakini nusu ya majirani zangu walitoka kule nilikotoka mimi, na kule watu wanaopita wakiimba na matawi mabichi mkononi wanakwenda msibani. Mama mmoja aliwaona, akaona na mlango walikoishia, wangu, umefungwa kwa kufuli. Hakuuliza. Aliweka mikono kichwani akapiga nduru.

Mimi nilizisikia nduru nikiwa bondeni na karai la udongo kichwani. Nikapanda mbio kama kila mtu. Nikamshika mkono mwanamke niliyemkuta njiani. "Kwani ni nani ameenda?" Akaniangalia usoni, akaangusha nyanya zake zote, akakimbia.

Mlangoni kwangu umati ulikuwa umejaa. Dada yangu alikuwa amekaa chini, kitambaa cha kichwa kimemfunguka, na begi la nguo kando yake. Walikuwa wamefika katikati ya kilio. Na binti yangu alikuwa ameshika kufuli langu kwa mikono miwili, anatikisa mlango mzima na kulia, "Mama! Mama, fungua!"

Dada yangu alikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Hakuwa akiitwa yeye.

Mtu akasema, "Si huyu hapa!" Nduru zikakatika. Kuna waliocheka, kuna waliokasirika kwa sauti waliyoipoteza bure. Mtoto akageuka. Nilidhani atanikumbatia. Badala yake alinipiga tumboni kwa ngumi zote mbili.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilienda kuchukua udongo, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Aliuliza tena kama mtu ambaye hajajibiwa. Nilisimama pale na karai kichwani, maji ya udongo yakinitiririka shingoni, nikalia mbele za watu.

Jioni watoto walirudi tukasiriba ukuta. Binti yangu alichovya mikono na kufanya kazi kwa hasira, akachora maua makubwa yaliyopinda. Nilitamani kuyanyoosha, lakini safari hii mikono yangu niliikalia. Dada alikuwa mlangoni, akinywa chai.

Tulipomaliza, mtoto aliyachukua matawi yale, moja moja, akayaingiza ndani na kuyaegemeza nyuma ya kitanda.

"Mwaka ujao tusiziweke mlangoni," akasema. "Tuweke hapa. Nitawaonyesha hao watoto."

Dada aliweka kikombe chini. Alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nguo zake zingine ziko Kawangware," akasema, macho yake yakiwa ukutani. "Nikuletee lini?"

Siku nyingi nilikuwa nimengoja kusikia swali hilo. Sikuweza kufurahi mbele ya uso ule.

"Lete ukiwa tayari, dada," nikamwambia. "Hata ukilala hapa kwanza."