Maji ya Nondo

Mume wangu alikuwa fundi wa redio Lodwar. Mwishoni mwa miaka ya sabini, padri mmoja wa Kakuma alimwita amalizie kompyuta aliyoiagiza ng'ambo. Ilikuja nusu imeundwa: kasha la chuma, ubao wenye vipande vichache vilivyokwisha kulehemiwa, na vingine tele kwenye pakiti, mnunuzi amalizie mwenyewe. Padri alijaribu, macho yakamshinda.

Nilifuatana na mume wangu kwa sababu niliogopa kubaki. Nywele nilizonyoa kwa msiba zilikuwa bado hazijaota, tulikuwa tumemzika kaka yangu. Alifia katika karakana moja Lodwar, mkono wake kwenye mashine yenye kasha la chuma kama lile. Waya ulilegea ndani ukagusa kasha. Ulikuwapo waya mwingine wa kupeleka umeme ardhini, umefungwa kwenye nondo iliyochimbiwa nje. Lakini mchanga wa Turkana ukikauka haupokei umeme, ndiyo maana mafundi wa huku huimwagilia nondo maji ya chumvi. Mwaka ule kulikuwa na ukame, maji yalikuwa ya watu na mbuzi tu. Nondo haikupewa.

Basi Kakuma kazi yangu ikawa nondo. Nilichota maji kwenye visima vya mchanga mtoni, nikatia chumvi, nikamwaga. Mbuzi walikuja kulamba pale, nikawafukuza kwa fimbo. Mama mmoja wa Kiturkana niliyepanga naye foleni kisimani alinifuata kutazama, akanisalimu kwa lugha yake.

"Ejok, mama. Hii chuma yako iko na kiu?"

"Iko na kiu."

"Itazaa lini?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kidogo. Kisha akakitazama kichwa changu, akaniuliza taratibu nani amekufa. Nilipomweleza aliinua debe lake mwenyewe, akamwaga kidogo juu ya maji yangu pale kwenye nondo.

Siku ya kuijaribu, padri aliwasha jenereta alasiri.

"Mama watoto, kaa nje," mume wangu alisema.

Nilikaa mlangoni. Alibonyeza swichi, kisha akaligusa kasha kwa mgongo wa mkono, kama mafundi wanavyofanya, ili umeme ukiwapo vidole visije vikashika. Nilitaka kufumba macho, nikashindwa.

Hakurushwa. Vitaa vyekundu viliwaka, vikabaki vimekodoa tu, havichezi kama vilivyotakiwa.

"Imekufa?" padri aliuliza.

"Haijafa, padri. Kuna kipande nimekitia kinyume. Kesho nitaifungua tena." Alikuwa anatabasamu, jasho linamtiririka shingoni.

Padri alimsifu kwa subira. Mimi niliomba kimoyomoyo iungue yote kabla ya asubuhi, usibaki hata waya mmoja wa kufungua. Sikumwambia mtu.

Kulipokucha ilikuwa nzima mezani, na mume wangu alikuwa tayari ameketi mbele yake na bisibisi. Nilimwomba anisubiri niinyweshe nondo kwanza. Nikachukua debe nikaenda mtoni, na njia nzima nilitega sikio, nikiomba nisisikie jenereta.