Mama Aliyesemekana Alimtupa Mwanawe

Jumamosi, 14 Machi. Nitawasimulia yote, hata pale nilipodanganya.

Nyanya Nora, jirani yetu hapa Erdington, kwa Waingereza, ana asili ya Ayalandi. Kwao husemwa kwamba mama wa nyanya yake alimtupa binti yake katika nyumba ya kutunzia maskini ya hapa, akatoroka. Mama huyo hawamtaji hata katika sala.

Leo nilimsindikiza maktaba kusoma rejista za nyumba hiyo.

Nikaona mstari wao. Mama: ameondoka. Mtoto: amebaki.

Nikamwambia sijaona kitu.

"Una uso wa mtu aliyevunja sahani," akasema. "Soma, mwanangu."

Nikasoma.

Mhudumu akatuletea kitabu kingine, cha misaada ya maskini. Kumbe mama yule hakutoroka. Kwa kuwa hakuzaliwa hapa, alionekana hana haki ya kusaidiwa, akarudishwa Ayalandi kwa meli. Mtoto alikuwa wodini, mgonjwa mno kusafiri.

Nyanya Nora akavua miwani. "Na sisi tumemnunia miaka yote hii."

Kisha akaniuliza kama mama yule aliwahi kurudi kumtafuta mwanawe.

Nimemwahidi nitaanza kutafuta kabla ya misa ya kesho. Nani kati yenu anajua rejista za Ayalandi hutafutwa wapi?