Klachi ya Mama

Gari la mama yangu lilikataa kupanda mlima siku ya soko la Kianjai, likiwa limejaa ndizi, viazi vikuu na wanawake wa kanisa. Mimi nilikuwa nyuma na mikungu. Injini ilinguruma kama kawaida, hata kuzidi, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Tukapitwa na mzee anayesukuma mkokoteni, tena alitupungia mkono. Kisha ikaja harufu ya kitu kinachoungua, kama maharagwe yaliyosahauliwa jikoni. Mama akaliweka gari kando, akazima, akawageukia abiria wake.

"Klachi imeisha," akasema. "Shukeni, na ndizi zenu."

Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia wodini kuwaambia wanawake wasukume. Mama ni mkunga mstaafu, na huku kwetu Tigania hata mapadri humwita Sista. Mimi humsifu bila haya, na asiyependa kusikia anaweza kuziba masikio. Miaka ambayo zahanati haikuwa na ambulensi, ambulensi ilikuwa yeye na gari lake: gari refu la Kifaransa, rangi ya samawati iliyofifia, gia yake imekaa kwenye usukani badala ya sakafuni. Nina duka Nchiru, karibu na chuo, na wanafunzi hulipiga picha gari hilo kila likipita. Wao huliita gari la kale. Yeye huliita gari tu, na mpaka leo mwanamke akishikwa na uchungu mvua ikiwa imeharibu barabara, simu ya kwanza hupigwa kwake.

Kaka yangu mkubwa alisikia habari za mlima ule akiwa Embu, ambako anafanya kazi ya ofisi. Jumamosi alikuwa sebuleni, amekalia ukingo wa kiti kama mtu aliyeleta barua ya mahakama.

"Mami, shida sio klachi," alisema. "Shida ni mguu. Unaacha mguu juu ya klachi ukiendesha. Hiyo ndiyo inaimaliza. Na hiyo goti yako ya kushoto, siku moja utashindwa kukanyaga kwa mteremko. Tupatie ufunguo, please. Umetufanyia ya kutosha."

Nilitaka kumrushia kikombe. Gari la kaka hubadilisha gia lenyewe. Klachi ameiona mara ya mwisho siku ya mtihani wa leseni. Lakini pia nilijua kuwa hakutoka Embu kwa ubaya. Alikuwa akiogopa, na woga wake huja umevaa suti.

Mama hakupepesa macho. Alikuwa anajua kinachotakiwa. Ufunguo ule ukiondoka mkononi mwake, angekuwa mtu wa kungoja: kungoja kupelekwa kanisani, kungoja kupelekwa sokoni, kungoja mtu apate nafasi. Yeye ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akingojwa.

"Unasema ni mguu wangu," akamwambia kaka. "Mimi nasema si mguu. Basi gari ifunguliwe, tuangalie ndani. Ikionekana ni mguu, ufunguo nitatoa siku hiyo hiyo. Ikionekana si mguu, hiyo maneno isirudi kwa hii nyumba."

"Sawa," kaka akasema, na nadhani hata yeye alishangaa kupata mapatano rahisi hivyo.

Gereji, ambako gari lilikuwa limevutwa kutoka mlimani, iko nyuma ya soko, uwanja wazi wenye mawe na mafuta yaliyolowa ardhini. Fundi ni jitu la miraba minne ambalo mama alilipokea kwa mikono yake likiwa dogo la kutosha kwenye karai. Husimama mama akipita, hata akiwa chini ya lori. Alituletea kigoda, mama akakaa karibu kabisa na gari. Haikuwa mara yake ya kwanza kukaa hapo. Kila klachi iliyowahi kubadilishwa kwenye gari lile ilibadilishwa mbele ya macho yake.

Nasema kweli, ile kazi inapendeza kuitazama. Fundi alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini ya gari mpaka zikabaki buti. Tukasikia nati zikilegea moja moja. Gia boksi ni chuma kizito, na vijana wa gereji walilishusha taratibu kwa kamba na gogo, yeye akilipokea kifuani na kuliongoza kwa magoti. Hakuna aliyepiga kelele. Ikawa kimya cha watu wanaobeba kitu ambacho hakitakiwi kuanguka.

Akatoka na pleti ya klachi mkononi. Ilikuwa nyembamba kama chapati ya mkahawa mbaya, misumari yake imeanza kuonekana. Akarudi chini akatoa vyuma vingine, akavigeuza juani, akavitazama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama mama. Akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Sista, hii ni oil," akasema. "Sili ya injini, ule mpira wa kuzuia mafuta, imevuja, mafuta ikaingia kwa pleti, ikaanza kuteleza. Mguu yako haina makosa."

Nilikaribia kupiga vigelegele. Nilimgeukia kaka yangu na kumtazama kwa jicho ambalo ningeona aibu kulieleza hapa. Kaka aliangalia viatu vyake. Hakubisha, mkataba ni mkataba. Mama alikuwa ameshinda, mashahidi tupo, na ufunguo ulikuwa wake mpaka siku atakayochoka mwenyewe.

"Leta beringi," mama akasema.

Fundi akajifanya hakusikia.

"Hiyo ya kusukuma klachi. Leta hapa."

Ni duara la chuma, upana wa kiganja. Ukikanyaga klachi, duara hilo husukumwa mbele likaugusa mtambo unaozunguka. Ukiondoa mguu, hurudi likapumzika. Mama alilifuta kwa ncha ya leso yake, akaliweka karibu na sikio, akalizungusha. Hata mimi niliyesimama kando nililisikia likikwaruza. Akaomba na sahani ya chuma ambayo duara hilo huigusa. Akapitisha kidole juu ya meno ya sahani hiyo, pale katikati. Palikuwa pameliwa na kung'aa, mifereji mitupu. Alipitisha kidole mara ya pili, kama anayepapasa tumbo kutafuta kichwa cha mtoto.

"Mafuta ni kidogo tu," akasema. "Hii imesuguliwa kila siku, haikupata kupumzika. Hii ni mimi."

"Lakini Sista..."

"Wewe nyamaza. Nilikutoa kwa mama yako ukiwa umetanguliza miguu. Umeanza kunidanganya leo, na ndevu zote hizo?"

Fundi akainamisha kichwa. Mama akamgeukia kaka.

"Goti likishuka kwa klachi, kulirudisha juu ni kilio," akamwambia. "Sasa nimekuwa nikiacha mguu hapo hapo. Sikujua kama ni kila wakati. Nilidhani ni kwa mlima tu. Ulisema kweli."

Na kaka yangu, aliyetoka Embu kwa ajili ya maneno hayo hayo, akaanza kuyakimbia. "Mami, si lazima iwe leo," alisema. "Klachi mpya itakuwa rahisi kukanyaga. Tungoje kwanza tuone."

"Tulisema nini?"

Nimewahi kuona watu wakishinda kesi, na wengine wakishindwa. Sikuwa nimeona mtu aliyeshinda kesi yake, kisha akakata rufaa dhidi yake mwenyewe, hakimu akiwa ameshafunga faili. Nilimpenda mama siku hiyo, na nilimkasirikia pia. Angenyamaza tu. Nani angejua?

Alifungua fundo la leso, akatoa ufunguo, akanipa mimi. "Wewe una pikapu ya duka, gia unazijua," akasema. "Huyu gari yake inajiendesha."

Kaka akacheka, nikacheka, fundi akacheka akiwa chini ya gari, ila macho yake sikuyaona. Walifunga klachi mpya, beringi mpya na sili mpya, na mama akasimamia kila nati mpaka mwisho, akiuliza kama imekazwa. Fundi alipoliwasha, akatia gia na kuachia klachi, gari liliondoka kwa utulivu ambao sikumbuki tangu utoto wangu. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwomba alirudishe nyumbani yeye, kwa mara ya mwisho. Akakataa.

Nikaingia upande wa usukani. Yeye akazunguka mbele ya gari, mkono umeegemea boneti, mpaka mlango wa kushoto. Akavuta kishikio. Mlango haukufunguka. Akavuta tena, na tena kwa nguvu, akasimama akiutazama.

Mlango ule una ugonjwa wake. Lazima uuinue kidogo kwanza, ndipo uvute. Sisi watoto tunajua, wanawake wa kanisa wanajua, na sidhani kuna mwanamke aliyejifungulia zahanati yetu asiyejua. Mama peke yake hakujua. Katika miaka yote ya gari lile hakuwahi kupanda kwa upande huo.

"Inua kwanza, Mami," nikamwambia kupitia dirishani. "Halafu vuta."

Akainua, akavuta, ukafunguka. Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akaangalia barabara iliyokuwa mbele yetu.

"Kumbe hii mlango ni mbaya hivi," akasema. "Na hamkuniambia."